Nyeupe, Lakini Siyo Hii

Amerudi.
Kengele ya mlango haijamaliza kulia
na ndoo yake iko juu ya kaunta yangu,
imefungwa kwa kamba ya kiatu
kama mwizi aliyekamatwa sokoni.

"Nyeupe," anasema Bi Skaidrīte, "lakini siyo hii."

Ni mara ya nne.
Ya kwanza ilikuwa nyeupe ya hospitali,
ikamkumbusha mguu wake uliovunjika.
Ya pili ilikuwa na uwaridi ndani yake;
mimi sikuuona, mashine haikuuona,
dada yake aliuona, kwa simu, kutoka Liepāja.
Ya tatu ilikuwa sawa mchana,
jioni ikageuka kuwa mwongo.

Nilimtolea kadi. Tunazo nyeupe mia na arobaini na mbili:
ya maziwa, ya chumvi, ya ganda la yai, ya pamba,
ya ukungu wa asubuhi juu ya mto Daugava
(aliyeipa jina hajawahi kuvuka daraja lile Januari;
ukungu wetu ni wa kijivu, tena una meno).
Akazipitia zote kwa kidole, taratibu,
kama anayetafuta jina la mwanawe
kwenye matokeo ya mtihani.
Kisha akauliza: "Hamna nyingine?"

Nyuma yangu ukutani meneja amebandika:
MTEJA NI MFALME.
Haya. Nami nilisoma historia shuleni;
najua walivyoishia wafalme wengine.

Kazi hii ina misuli yake.
Upo wa kutabasamu, shavu la kushoto, ndio huchoka kwanza.
Upo wa ulimi, unaojifunza kulala.
Na ule wa shingo, unaosema ndiyo, ndiyo, nimekuelewa mama,
hata pale ambapo sijaelewa kitu.
Asubuhi fundi mmoja alinirushia brashi
kwa kuwa inanyonyoka.
Mwingine alitaka kurudisha ndoo tupu:
ameshapaka, nyumba nzima, na hakuipenda.
Nikawameza wote wawili kama vidonge bila maji.

Foleni inakohoa. Theluji iliyoingia na buti zao
inayeyuka, inakuwa tope sakafuni,
nyeupe nyingine iliyoshindwa kazi.

Naichukua ndoo ya Bi Skaidrīte.
Nafungua kamba. Naiweka kwenye mashine.
Nabonyeza vitufe, vingi, kwa uzito wa daktari.
Siongezi kitu. Hata tone.
Naiacha itikisike dakika tatu,
ingurume, igonge kuta zake,
nami namtazama akiitazama,
mikono ameikunja juu ya mkoba,
midomo ikisogea kama anayehesabu mishono.

Nachovya kijiti. Nampa.
Anakipeleka dirishani, kwenye mwanga mfinyu wa saa tisa,
anakigeuza, anakinusa,
anarudi.
"Hii," anasema. "Hii ndiyo. Ilikuwa shida gani
kunipa hii tangu mwanzo?"

Naomba radhi.
Namwandikia risiti ya sifuri, na muhuri juu.

Jumatatu kengele inalia. Ni yeye, mikono mitupu.
Moyo unanishuka hadi kwenye soksi.
Anainama juu ya kaunta, sauti chini, foleni isisikie:

"Hukuongeza kitu, Ilgvars.
Taa ya bomba haikuwaka hata mara moja.
Mume wangu aliuza rangi Kuldīga miaka thelathini na moja.
Alinifanyia hivyo hivyo,
wakati huo hata hatujajuana majina."

Sina la kusema. Msuli wa shavu, kwa mara ya kwanza leo,
unajivuta wenyewe.

"Lakini uliitikisa kwa adabu," anasema,
akivua glavu; kucha zake zina madoa,
nyeupe ile ile niliyomrudishia.
"Sebule nimemaliza.
Sasa tuzungumze habari ya dari."